Sauti, Mahadhi na Mizani

Kipevu si mahali pa kimya. Ni kipande cha bara kinachotazamana na kisiwa cha Mombasa, kati ya Makupa na Port Reitz, na tangu bandari ya Kilindini ilipojitanua hata kufika ng'ambo hiyo, sauti za kazi hazilali. Winchi huinua makasha na kuyatua, malori hunguruma yakipanda kwenda Changamwe, mitambo ya umeme huvuma, na meli ikitaka kung'oa nanga hupiga honi inayosikika mbali bara. Mgeni huziba masikio. Mwenyeji hazisikii tena, kama mvuvi asivyosikia mawimbi.

Hapo ndipo nilipopata kuwasomesha vijana wa sekondari mambo ya awali ya muziki, nami nilianza vibaya. Siku ya kwanza niliimba sauti moja, kisha nikaamrisha, "Sasa imbeni sauti ya juu zaidi." Darasa zima likapiga ukelele hata mlinzi wa lango akaja kuchungulia dirishani. Sauti ilikuwa ile ile. Kilichozidi ni nguvu yake. Niliudhika, kisha nikatambua kuwa kosa lilikuwa langu. Kwa Kiswahili, sauti ya juu ni sauti kubwa, na anayeambiwa apaze sauti huongeza pumzi. Wazee wetu walipotaka kuitenga sauti ya filimbi na sauti ya msondo hawakusema juu wala chini. Walisema sauti nyembamba na sauti nzito. Juu na chini vimetoka katika karatasi ya Wazungu, ambayo sauti nyembamba huandikwa katika mistari ya juu na sauti nzito katika mistari ya chini. Nilikuwa nimewafundisha mchoro kabla ya kitu chenyewe.

Tangu siku ile nimeyatazama maneno ya muziki kwa jicho jingine. Kila neno lina safari yake, na safari hizo zikiunganishwa ni sehemu kubwa ya historia ya pwani yetu. Tena nimeona kwamba vitu vinavyotajwa na maneno hayo vilikuwako hapa zamani. Kilichokosekana ni njia ya kuviandika. Ukosefu huo umetugharimu, kama nitakavyoeleza mbele.

Tuanze na sauti. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na maana yake katika elimu ni mtetemo unaosafiri hewani mpaka sikioni. Kitu kikitetemeka upesi sauti huwa nyembamba. Kikitetemeka polepole huwa nzito. Daraja hiyo ya wembamba au uzito nitaiita kimo cha sauti. Mwamba ngoma, husema methali, ngozi huivutia kwake. Methali yenyewe hulenga choyo cha wanadamu, lakini fundi wa ngoma huijua kwa maana ya kazi: ngozi ikivutwa ikakazana hutetemeka upesi zaidi, na ngoma hulia wembamba, ikilegezwa na unyevu wa bahari hulia uzito, na huenda ikawa bubu kabisa. Ndiyo sababu wapigaji wa Kidigo na Kiduruma huziota ngoma zao moto kabla ya sengenya kuanza, ili kila moja ishike kimo chake kati ya wenzake. Hakuna haja ya kumwuliza mpigaji huyo kama anajua kimo cha sauti ni nini. Amekishika mikononi.

Kipevu ina mifano yake mingine. Umeme wa Kenya hugeuka na kurudi mara 50 katika kila sekunde, na chuma kilicho ndani ya transfoma hutetemeka mara mbili katika kila mgeuko. Basi anayesimama nje ya ua wa mitambo husikia mvumo wa mitetemo 100 kwa sekunde, usiku na mchana, usiopanda wala kushuka. Katika piano ungeukuta karibu na sol ya upande wa mkono wa kushoto. Nazo honi za meli hazikuachiwa hiari ya nahodha. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, zilizowekwa mwaka 1972, zinataka meli yenye urefu wa mita 200 au zaidi iwe na honi ya mitetemo kati ya 70 na 200 kwa sekunde, na chombo kisichofika mita 75 kiwe na honi ya mitetemo kati ya 250 na 700. Vijana wa Kipevu hawajazisoma kanuni hizo, na bado mmoja wao aliniambia ukubwa wa meli kabla haijatokeza. Nilimwuliza amejuaje. Akacheka, kama niliyemwuliza amejuaje kuwa mchana kuna mwanga.

Ikiwa sauti moja ina mitetemo 100 na nyingine 200, masikio huzisikia kama sauti moja katika miili miwili, mfano wa baba na mwanawe mdogo wakiimba wimbo mmoja. Umbali kati ya sauti hizo huitwa oktava. Jambo hili huhusishwa na jina la Pythagoras, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Uzi uliokazwa, ukibanwa katikati, nusu yake hutoa oktava ya uzi mzima; ukibanwa ili theluthi mbili zake ndizo zilie, hutoa sauti nyingine inayopatana nao vizuri sana. Kijiti cha kupimia Wagiriki walikiita kanon. Waarabu wakalichukua neno hilo, nasi tukalipokea kwao likiwa na maana mbili: kanuni ya sheria, na kanuni ile ya muziki, chombo kipana chenye nyuzi nyingi kinachopakatwa. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim nchini Misri ajifunze kukipiga. Mwaka 1905 vijana wa Unguja wakaunda chama cha Ikhwani Safaa, na tarabu ikaanza kuzoeleka nje ya jumba la mfalme. Udi nao una jambo la kuchekesha kidogo. Neno hilo kwa Kiarabu ni mti au kijiti, kwa hiyo udi tunaoufukizia nguo na udi tunaoupiga arusini ni majina ya ukoo mmoja.

Sauti zikifuatana kwa mpango huzaa mahadhi, yaani ule mwendo wa wimbo unaoweza kuupiga mluzi bila ya neno hata moja. Vitabu vingine husema lahani, vingine melodi. Wanafunzi wengi hudhani kuwa mahadhi na maneno ni kitu kimoja, na hapa Mombasa imetupa mfano usiohitaji maelezo marefu. Mohamed Khamis Juma Bhalo, mwimbaji mashuhuri aliyezaliwa 1942 na kufariki 2014, alisifika kwa kuimba mahadhi yaliyotoka katika sinema za Bara Hindi, na mengi ya mashairi aliyoyaimba yalitungwa na jamaa yake Ahmad Nassir, malenga wa Mvita. Maneno ya Mombasa, mahadhi ya Bombay, na wasikilizaji wakatoa machozi. Wakati huo huo Zein l'Abdin, aliyetoka Lamu, akaupiga udi wake kwa namna ya Kiarabu na ya kale ya Kiamu. Watu walibishana vibarazani ni nani aliye bora. Mimi nasema hawakuwa wakilinganisha waimbaji tu. Walikuwa wakilinganisha bahari mbili za biashara, ile ya kaskazini na ile ya mashariki.

Maneno yaliyotungwa hapa yaliwezaje kukaa katika mahadhi yaliyotungwa kwingine? Hapa huingia mizani. Neno hili kwanza ni la dukani, la kupimia pishori na karafuu. Washairi wakalifanya kipimo cha silabi: shairi la kawaida lina mizani 16 katika kila mshororo, nane kwa nane, na utenzi una mizani nane katika kila kipande. Waarabu hupima kwa njia nyingine, kwa silabi ndefu na fupi, na mpangilio wake huuita bahari, neno ambalo nasi tumelichukua. Aliyezipanga bahari hizo ni Al-Khalil bin Ahmad, aliyezaliwa Omani mwaka 718 na kuishi Basra. Inasimuliwa kwamba alipita katika soko la wafua shaba, akasikia nyundo zikigonga kwa zamu, mara ndefu, mara fupi, akarudi nyumbani na elimu mpya. Kisa kama hicho cha nyundo husimuliwa pia juu ya Pythagoras, na kwa sababu hiyo sikiamini sana. Lakini napenda kukisimulia Kipevu, mahali ambapo nyundo hazikosekani.

Mwanafunzi asichanganye mizani na mapigo. Mizani huhesabu silabi. Mapigo huhesabu wakati. Mghani wa utenzi huweza kuivuta silabi moja mpaka ikala wakati wa tatu, na mizani isiharibike hata kidogo. Mapigo ni ile hesabu inayoendelea chini ya wimbo, inayokufanya utikise mguu bila kujua. Upesi au upole wa hesabu hiyo ni mwendo. Mpangilio wa sauti ndefu na fupi juu ya hesabu hiyo ni mdundo. Vitu vitatu hivi husumbua sana vitabuni, lakini katika majina ya miji yetu ni vyepesi. Tamka Kilindini, Miritini, Kilindini, Miritini, ukipiga kofi moja kwa kila silabi: unapata mafungu ya nne. Tamka Kipevu, Makupa, Likoni: unapata mafungu ya tatu, na uzito huangukia silabi ya pili, kwa kuwa Kiswahili hukazia silabi iliyo kabla ya mwisho. Sasa nusu ya darasa iseme Kilindini na nusu nyingine iseme Kipevu, wote waanze na kumaliza pamoja. Mara ya kwanza watachekana. Mara ya kumi watakuwa wamepata ule ukinzani wa mapigo ambao wageni wameandikia vitabu vizima wakijaribu kuueleza. Chakacha ya akina mama wa Mombasa imejengwa juu ya jambo la namna hiyo: mapigo sita ambayo kiuno huweza kuyagawa mafungu mawili ya matatu, au matatu ya mawili, na ladha yake iko katika kutoamua.

Juu ya upatanifu, yaani sauti mbalimbali kulia pamoja, nitasema machache. Kwaya zetu huuita sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, na kila aliyekaa katika kwaya anajua taabu ya sauti ya pili. Tarabu ya zamani haikuhitaji ngazi hizo nne: mwimbaji, fidla na udi hufuata mahadhi yale yale, kila mmoja akiyatia nakshi yake.

Sasa nifike kwenye kuandika. Mwaka 1872 Sir Bartle Frere alitumwa na serikali ya Uingereza kwa Sultani Barghash, na mwaka uliofuata mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini ukatiwa saini. Muda mfupi baadaye Wamisheni wa Kiingereza walianzisha kijiji cha watumwa walioachwa huru huko Kisauni, kikaitwa Freretown. Kengele yake ilitundikwa ili kuwaonya watu hatari ikitokea, na mahali pale mpaka leo ni Kengeleni. Kengele ina kimo kimoja tu. Haiwezi kuwa na mahadhi. Mdundo wake peke yake ndio unaosema njooni kusali au kimbieni.

Katika masanduku ya Wamisheni, huku na kote Afrika, mlikuwa na nyimbo zilizoandikwa kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t. Asili yake ni ya mbali. Katika karne ya 11 mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo, alichoka na wanakwaya waliotumia miaka mingi kukariri nyimbo. Akachukua wimbo mmoja wa dini ambao kila mstari wake ulianza kwa sauti iliyopanda daraja moja, akatwaa silabi ya kwanza ya kila mstari kuwa jina la sauti hiyo: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut ikawa do, na sauti ya saba ikapewa jina la si. Katika karne ya 19, Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, na baada yake kasisi John Curwen, walizifanya silabi hizo kuwa herufi za kuandikia, na si ikageuzwa ti, ili isigombane na sol kwa herufi ya kwanza. Mstari uliosimama hufunga fungu la mapigo, nukta mbili hutenga pigo na pigo, na kistari hurefusha sauti. Kitabu kama hicho huchapwa kwa mashine yoyote ya kuchapa maneno. Kwa mtu maskini hiyo ilikuwa neema.

Katika maandishi hayo, do si sauti moja maalumu. Do ni nyumbani. Waimbaji wakiona wimbo umekuwa mwembamba mno, huishusha do, na sauti zote hushuka pamoja nayo, kama familia ihamayo na vyombo vyake. Kuchagua mahali pa kuiweka nyumba hiyo ndiko kuchagua ufunguo. Ngazi inayopanda kutoka do hadi do huitwa skeli, na hatua zake si sawa: kati ya mi na fa, na kati ya ti na do, kuna nusu hatua, nyingine ni hatua nzima. Hiyo ni skeli ya meja. Ukianza la badala ya do unapata skeli ya maina. Walimu wengi husema meja ni furaha na maina ni huzuni, nami naomba msiwaamini upesi.

Ushahidi wangu ni wimbo wa taifa la Kenya. Mwaka 1963, uhuru ukikaribia, kazi ya kuutayarisha ilipewa watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Mahadhi waliyoyachagua yalitoka kwa Meza Morowa Galana, Mpokomo wa Mto Tana, nayo yalikuwa ya wimbo wa mama wa kumbembeleza mtoto. Wimbo huo huandikwa katika skeli ya maina, na sijaona mtu akiuimba kwa huzuni uwanjani. Tazama pia lililotendeka: kubembeleza ni kubembeza, mwendo wa mikono inayokwenda na kurudi, mwendo huo ukapewa tarumbeta na hatua za askari. Umekuwa mzito zaidi, lakini aliyepata kulazwa kwa wimbo wa namna hiyo bado ataisikia ile mikono. Kama Mzee Galana asingekuwako, au kama wale watano wasingekuwa na elimu ya kuandika walichokisikia, mahadhi hayo yangebaki mtoni.

Mengine mengi yamebaki, kisha yamezama. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate na Bwana Mwengo mwaka 1728, na maneno yake tunayo kwa sababu waandishi wa zamani waliyanakili kwa herufi za Kiarabu, mizani nane baada ya mizani nane. Sauti ya mghani wa kwanza hatunayo. Al-Khalil mwenyewe anatajwa kuwa aliandika juu ya nagham na juu ya mapigo. Vitabu hivyo vimepotea. Na mimi nina hasara yangu. Nikiwa kijana niliandika katika daftari nyimbo kumi na nne za vugo, zile ambazo wanawake huimba arusini wakigonga pembe za nyati, kutoka kwa bibi mmoja wa Changamwe. Nilinakili kila neno kwa uangalifu. Mahadhi nilidhani nitayakumbuka. Bibi alifariki, nami siku moja nikafungua daftari ili niwaimbie wajukuu zake. Nyimbo tatu niliweza. Kumi na moja nilizisoma kama mtu asomaye hesabu ya duka, nao walinisikiliza kwa adabu.

Ndiyo maana baada ya ule ukelele wa siku ya kwanza niliwaagiza vijana wangu wa Kipevu kazi moja kwa muhula mzima: kila mmoja alete wimbo kutoka nyumbani kwao, tuuandike kwa herufi za solfa. Zikaja nyimbo za Kirabai, Kigiriama, Kikamba na Kiluo, maana baba zao walivutwa na bandari kutoka pande zote. Tulikwenda vizuri mpaka siku aliposimama msichana mmoja na wimbo wa bibi yake. Sauti ya tatu ya ngazi yake haikuwa mi, wala haikuwa ile mi iliyoshushwa nusu hatua, ilikuwa kati. Mvulana mmoja akasema bibi amekosea. Nikawaambia kwamba tarabu ina ngazi za Kiarabu, kama ile iitwayo rasti, ambazo sauti yake ya tatu hukaa papo hapo. Kwamba piano haina kitufe chake, lakini udi, usio na vizuizi shingoni, huipata bila taabu. Na kwamba mwaka 1932 wataalamu wa Kiarabu na wa Ulaya walikutana Cairo wakajadiliana kwa siku nyingi juu ya ngazi kama hizo. Msichana akaimba tena, mara tatu, na mara zote tatu sauti ile ikaangukia mahali pale pale.

Curwen hakutuachia herufi ya sauti hiyo. Wakabishana kwa muda, kisha wakaandika m, na juu yake wakachora mshale mdogo unaotazama chini.